Mkono Uliomshika Dobi

Vumbi na mayowe tuyaache kwanza, maana jengo likianguka kila mtu huanzia hapo, na ukimaliza kumsikiliza hujaambulia kitu. Tumtazame mwanamke mmoja aliyeketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya lori la kikosi cha uokoaji. Mkono wake wa kulia umevikwa glavu nene iliyopanda hadi kiwikoni, macho kayafumba, midomo inamchezacheza kama anayechambua mchele gizani. Mita arobaini mbele yake, chini ya ghorofa tatu zilizolaliana, mkono mwingine wa chuma ulikuwa ukifanya kila alichofanya yeye. Akikunja kidole, nao unakunja. Akipapasa hewa, nao unapapasa kifusi.

Walimwita Mkunga, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minne kabla ya kuja kikosini. Kikosi kilipoletewa mtambo, kilitangaza nafasi ya mwendeshaji, na vijana mabingwa wa michezo ya kompyuta wakajipanga mlangoni wakidhani kazi wameshaipata. Wakashindwa mmoja baada ya mwingine. Walikuwa hodari wa macho, na chini ya kifusi macho hayana kazi: kamera hujaa vumbi dakika ya kwanza, kinachobaki ni ukungu wa kijivu. Alitakiwa mtu anayejua kusoma kwa vidole. Mwanamke ambaye alishawahi kujua mtoto kalala vipi tumboni kwa kupapasa tu, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Ndani ya glavu kulikuwa na vifuko vidogo vya hewa, kimoja kwenye kila ncha ya kidole na vingine kiganjani. Mkono wa chuma ukigusa kitu, vifuko vinafura na kukubonyeza palepale. Ukishika kitu kigumu, kuna nyuzi zinazokaza na kukizuia kidole chako kisiendelee. Tofali unalijua kuwa ni tofali, nguo unaijua kuwa ni nguo. Joto tu ndilo halipiti. Waliotengeneza waliahidi kwamba nalo litakuja, na ahadi za watengenezaji unazijua mwenyewe. Mtambo wote, wenye minyororo ya kutambalia na mkono mmoja mrefu uliovikwa mpira laini, wanakikosi waliuita Binamu. Fundi ndiye aliyeubandika jina hilo. Alisema ni ndugu unayeweza kumtuma pale ambapo wewe mwenyewe usingethubutu kwenda, na asikulaumu.

Sasa kuna jambo moja la kazi hiyo lazima ulijue. Waya mrefu uliotoka lorini hadi kwa Binamu ulikuwa ukinyonya mtetemo wa jenereta, na mtetemo ukasafiri mpaka kwenye glavu: tiki, tiki, tiki, kwenye ncha za vidole, kutwa nzima. Wakauita mbu. Mbu akizidi, Mkunga humwambia fundi, "Punguza mbu," na fundi huzungusha swichi kwenye kisanduku kilicho mbele yake, kama mtu anayepunguza sauti ya redio. Hapo mitetemo yote midogo hufifia, hubaki kile tu kinachobonyeza kwa nguvu. Mwaka na nusu walifanya hivyo. Ilikuwa imeshakuwa kama kupangusa jasho, mtu hakumbuki hata kwamba amefanya.

Jengo lenyewe lilianguka saa mbili na robo asubuhi. Mwenye nyumba alikuwa ameongeza ghorofa ya tatu juu ya nguzo zilizojengwa kubeba mbili, na hapo natamani kusema maneno yasiyoandikika, lakini tuendelee. Wapangaji wengi walikuwa wameshaenda kazini. Wanne walitoka wenyewe na michubuko yao. Wawili hawakuonekana: mpangaji mmoja wa ghorofa ya pili, mwanamume anayeishi peke yake, na dobi mwenye duka la kufulia na kupiga pasi chini kabisa.

Shangazi yake dobi ndiye aliyemlea tangu hajajua kutambaa. Alikuwa nje ya utepe, amekalia ndoo iliyogeuzwa, na kila aliyepita alimweleza habari ileile: kijana wake hufungua duka saa mbili kamili, hajawahi kuchelewa hata siku ya mvua, kwa hiyo yumo, wasisikilize mtu atakayesema hayumo. Ilipofika saa tatu na nusu, kikosi kizima kilikuwa kinamwita Shangazi.

Saa nne kasoro dakika tano Mkunga alimwingiza Binamu kwenye uwazi uliobaki kati ya ukuta na dari ya duka. Vidole vyake vikaanza kukutana na nguo. Shati, shati, kitu kizito chenye vifungo, huenda koti. Vyuma vyembamba vya kutundikia. Pasi, imelala ubavu. Akaisogeza pembeni taratibu. Nyuma ya pasi akakuta kitu ambacho hakikuwa nguo wala zege. Kilibonyea, kisha ndani yake kukawa na mfupa.

"Nimempata," alisema. "Nimepata mkono."

Mkuu wa kikosi, mwanamume mrefu asiyependa maneno mengi, akainama na kuingiza kichwa ndani. Mkunga akafuata kiganja, akafika kwenye kifundo cha mkono, akaweka vidole viwili pale panapowekwa vidole viwili. Alishafanya hivyo mara ngapi maishani, nani ahesabu. Akatulia.

Tiki-tiki-tiki-tiki. Nyepesi, ya haraka.

"Leo mbu mkali," akasema bila kufumbua macho. "Punguza."

Fundi akazungusha swichi. Ile tiki-tiki ikafifia, ikafifia, ikaisha. Vidole vya Mkunga vikabaki ndani ya ukimya. Akahesabu sekunde sitini, kama utaratibu unavyotaka. Hakuna. Akahesabu sitini nyingine, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukata tamaa mapema. Hakuna. Akakibonyeza kiganja, akasubiri kama kitajibu. Alihisi kama kuna kitu kimeguswa, kidogo sana, labda nguo imejikunja, labda vumbi limeporomoka. Akasubiri tena.

Kikosini walikuwa na maneno mawili tu kwa jambo hilo, ili mtu asijitie kueleza mengi kwenye redio: anayo, au hana. Mapigo ya moyo, yaani.

"Hana," alisema Mkunga.

Mkuu akachora alama nyekundu kwenye ramani ya jengo, kisha akaenda mwenyewe hadi kwenye utepe. Shangazi alimwona anavyokuja amevua kofia ngumu, akainuka kabla hajafika. Hakulia. Aliuliza swali moja tu, kama pasi ilikuwa imemwunguza. Mkuu akasema hajui. Shangazi akarudi kwenye ndoo yake, akatoa simu, akaanza kuwapigia ndugu mmoja mmoja kwa sauti tulivu ya mtu anayeelekeza njia ya kwenda kwake. Mkunga aliisikia sauti hiyo kutoka lorini. Akamgeuza Binamu, wakaanza kumtafuta mpangaji wa ghorofa ya pili.

Walimtafuta kwa saa moja na nusu. Walipapasa kitanda, jiko la gesi, kabati lililofunguka kama mdomo, viatu vya mguu mmoja mmoja. Saa tano na nusu mpangaji akatokea mwenyewe barabarani akitembea kwa miguu yake, mkate kwapani. Alikuwa amelala kwa rafiki yake na simu imezimika chaji. Akauliza watu wamejaa hivyo kuna nini, kisha akatazama pale ilipokuwa nyumba yake, mkate ukamponyoka. Kuna waliocheka, na mimi siwalaumu. Mtu ukibanwa na jambo zito tangu asubuhi, cheko hukutoka lenyewe bila kuliita.

Basi hakuna aliye hai wa kutafutwa. Mkuu akatoa amri: Binamu atolewe, na katapila lianze kuondoa kifusi upande wa duka la dobi, ili maiti ifikiwe na kukabidhiwa kwa wenyewe kabla jua halijazidi kuwa kali.

Fundi akamrudisha Binamu hadi nyuma ya lori, akaulaza mkono wa chuma kwenye sakafu ya bati. Mkunga alikuwa bado hajavua glavu. Alijisikia mchovu hadi kwenye mifupa, na mchovu huongea chochote ili asifikirie alichokiona.

"Utamshughulikia lini huyu mbu wako?" alimwambia fundi. "Leo kanishinda kabisa."

Fundi alikuwa kijana mpole mwenye tabia ya kuongea akitazama mikono yake. Alikuwa anakunja waya. Akakunja mzunguko mmoja, akakunja wa pili.

"Dada, sikutaka kusema," alisema. "Jumapili nilishinda hapa peke yangu. Nilibadilisha waya wote, nikaweka wenye ganda la chuma, na jenereta nikaitilia mpira chini. Nikapima mara nne. Mbu hakuwepo hata kidogo. Uliponiambia leo yupo, niliona aibu. Nilikuwa nimeshamwambia Mkuu kwamba nimemmaliza. Nikazungusha tu swichi, nikasema nitatazama baadaye nimekosea wapi."

Mkunga akamtazama. "Jenereta inawaka sasa hivi?"

Ilikuwa inawaka. Waliisikia wote wawili ikinguruma nyuma ya lori.

"Fungua swichi yote."

Fundi akaizungusha hadi mwisho. Mkunga akafumba macho, akakusanya akili zake zote kwenye ncha za vidole. Alihisi bati la sakafu, baridi haikuja lakini ugumu ulikuja. Alihisi hata mwendo wa mtu aliyepita karibu na gurudumu. Mbu hakuwepo. Alisubiri, akasubiri, akiomba kwa moyo wote amsikie yule mdudu aliyemchukia mwaka na nusu, amsikie japo mara moja. Kulikuwa kimya kama ndani ya mto wa kulalia.

Siyo kwamba alianza kufikiri. Alikuwa ameshajua kabla ya kufikiri, jinsi mtu anavyojua kwamba amekosa ngazi kabla mguu haujafika chini. Ile tiki-tiki sasa ilimrudia yote, kwa kasi yake na wepesi wake, mia na ishirini kwa dakika, au zaidi kidogo. Alishaisikia kwa wanawake waliopoteza damu nyingi. Angeitambua usingizini. Na alipoitambua kwa vidole, kinywa chake kiliagiza ipunguzwe.

Fundi alikuwa ameshika swichi bado. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu.

Ndipo upande wa pili injini ya katapila ikawaka.

Mkunga aliruka kutoka lorini na glavu mkononi, waya ukachomoka ukimfuata nyuma kama mkia. Hakuwa mwepesi, alikuwa na miaka arobaini na sita na goti moja bovu. Alikimbia hivyohivyo. Katapila lilikuwa limeshang'ata mara moja, limenyanyua vipande vya ukuta na shati jeupe likining'inia kwenye meno yake, linajiandaa kung'ata mara ya pili. Akasimama mbele yake, mikono juu, mmoja wa nyama na mmoja mnene wa glavu. Dereva akamporomoshea matusi ya nguoni. Mkuu akaja mbio akiuliza kuna nini.

"Nimekosea," alisema Mkunga, na sauti yake aliisikia inatoka mbali. "Yule mtu yuko hai. Nilimsikia nikadhani ni mbu."

"Ulimsikia lini?"

"Saa nne."

Mkuu akatazama saa yake. Ilikuwa saa sita kasorobo.

"Umeniambia hana," alisema polepole. "Nimekwenda kwa yule mama nikamwambia hana. Kwa mdomo wangu."

Mkuu akamgeukia dereva akamwonyesha ishara ya kukata shingo. Injini ikazimwa.

Njia aliyopitia Binamu asubuhi ilikuwa imezibwa nusu na ule mng'ato mmoja. Walihangaika dakika kumi na mbili kuingia. Swichi ilikuwa wazi yote, na Mkunga alihisi kila punje: mchanga ukitiririka juu ya vidole, uzi wa nguo, mkwaruzo wa nondo. Akafika kwenye pasi. Akapita pasi. Akapeleka mkono pale alipokuwa ameukuta ule mwingine.

Haukuwepo.

Alipapasa kushoto, akapapasa kulia. Kisha akaugusa, kiasi cha shubiri mbili kutoka pale. Asubuhi aliuacha umelala kifudifudi, kiganja chini. Sasa kiganja kilikuwa juu na vidole vimefumbuka, kimenyooshwa kuelekea upande ambao Binamu alitokea. Hakuna katapila linaloweza kuupanga mkono wa mtu namna ile. Dobi alikuwa ameutafuta mkono wa Binamu. Alikuwa amenyoosha mkono kwenye giza, akamfuata aliyeondoka.

Mkunga akaweka vidole viwili. Mwanzo alisikia mapigo yake mwenyewe, yalivyokuwa yanamdunda masikioni. Akavuta pumzi, akaishusha. Halafu yakaja, chini ya vidole, machache na dhaifu, moja, jingine, kimya, jingine.

"Anayo," alisema, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kujua. "Anayo, anayo, anayo."

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya mikono ya watu: ndoo, sururu fupi, magogo ya kuegemeza dari. Ilichukua saa tatu. Muda wote huo Mkunga hakuuachia ule mkono. Bega lilimwaka moto, vidole vikafa ganzi, fundi akamnywesha maji kwa kikombe. Mkuu hakuweza kurudi kwa Shangazi, alimtuma fundi. Shangazi alisikiliza habari hiyo ameketi, na simu iko sikioni, shemeji yake yu hewani. Alikata simu. Akaja mpaka kwenye lori kwa hatua za mtu anayekanyaga sakafu yenye maji, akasimama akaitazama glavu.

"Ndiye yeye huyo?" aliuliza.

"Ndiye," alisema Mkunga.

Shangazi akaweka kiganja chake juu ya glavu, akakiacha hapo. Walikaa hivyo mpaka dobi alipotolewa kwenye machela, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha, kifua kikipanda na kushuka.

Jioni ile Mkuu aliwaeleza waandishi wa habari kwamba asubuhi kulitokea hitilafu ndogo ya mtambo iliyochelewesha kazi. Alisema hivyo pia kwa Shangazi. Alimwambia Mkunga asijitie kiranga cha kuongeza neno. Kikosi kinahitaji kuaminiwa, na mtu ameokoka, basi yaishe. Mkunga alinyamaza. Nyumbani mume wake, seremala, alimkanda vidole kwa mafuta kama kila siku, akamwambia mtaa mzima unamsifu. Mkunga akamwomba asimguse mkono wa kulia. Mume akadhani unauma.

Siku ya tano akaenda hospitali. Dobi alikuwa kwenye kitanda cha pembeni karibu na dirisha, mguu mmoja kwenye plasta, mbavu zimefungwa. Shangazi alimpokea Mkunga kwa shangwe, akamvutia kiti, akamtangazia mgonjwa wa kitanda cha jirani kwamba huyu ndiye aliyemfufua mtoto wake. Dobi akacheka kwa tahadhari, maana mbavu zilimkataza kucheka vizuri. Alisema binamu yake wa damu alikuja kumwona jana amevaa viatu vipya vya yeye dobi, na alipoulizwa akajibu kwamba aliambiwa mwenye viatu hatavihitaji tena. Wakacheka wote watatu. Kisha Shangazi akasema mgeni hakai mikono mitupu, akatoka kwenda kutafuta chai.

Walipobaki wawili, dobi aliutazama mkono wake uliolala juu ya shuka.

"Wameniambia ilikuwa mashine," alisema. "Mimi nilijua ni mtu. Ulikuwa laini. Ukaweka vidole viwili hapa. Nikasema moyoni, huyu daktari, nimeonekana. Sikuweza kuita, kifua kilikuwa kimebanwa. Ukanibonyeza, nami nikabonyeza kwa nguvu zangu zote zilizobaki."

Mkunga alikumbuka ile nguo aliyodhani imejikunja.

"Halafu ukaniacha," aliendelea dobi. Hakuwa na hasira, alikuwa anasimulia kama anayeeleza njia. "Lakini hukuuangusha mkono wangu, dada. Uliulaza chini polepole. Ukaninyoosha vidole, kimoja kimoja, vyote vitano. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekufa. Nikajiambia, mtu aliye hai hanyooshwi vidole hivi."

Ilikuwa kweli. Mkunga hakumwambia mtu, wala hakuna aliyemwona, kwa sababu macho ya wote yalikuwa kwenye ramani. Ni adabu aliyoizoea wodini kwa wale walioondoka, na vidole vyake viliifanya bila kumwuliza.

"Nimekaa kule gizani nikijua nimeshakufa," alisema dobi. "Muda mrefu. Mpaka nikaanza kukutafuta, nikuulize kama una hakika." Akageuza kichwa kwenye mto, akamtazama. "Wanasema mashine iliharibika. Niambie wewe. Ulinisikia?"

Neno la kujiokoa lilikuwa tayari, limeshatengenezwa na Mkuu, limeshasomwa na watu magazetini. Hitilafu ndogo. Angelisema tu na kunywa chai yake.

"Nilikusikia," alisema Mkunga. "Mapigo yako niliyasikia vizuri kabisa. Nikadhani ni kelele za jenereta, nikaagiza zipunguzwe. Mashine haikuharibika. Ilikuwa nzima kuliko siku zote."

Dobi aliutazama mkono wake juu ya shuka, kama anautazama wa mtu mwingine. Kisha akauvuta taratibu, akauingiza chini ya shuka, na shuka akaipandisha hadi kifuani.

Shangazi akarudi na vikombe viwili vya chai vikiwa vimejaa hadi ukingoni, akiwalalamikia watu wa mgahawa kwa uzembe wao. Alimkuta Mkunga ameshasimama. Akamsihi akae, Mkunga akasema ana zamu. Shangazi akaweka vikombe kwenye meza ndogo, akamshika mikono yote miwili, akaiombea baraka kwa sauti, mmoja mmoja. Halafu akamgeukia mpwa wake.

"Mpe mkono dada yako basi, anaondoka."

Dobi alikuwa anatazama dari. Macho yalikuwa wazi. Chini ya shuka hakuna kilichotikisika.

"Mpe mkono," alirudia Shangazi, na sasa aliona haya mbele ya mgeni. "Hivi ndivyo nilivyokulea?"

Mkunga alisema amwache, bado amechoka. Akachukua mkoba wake, akatoka kupitia kati ya vitanda.